Kabla ya kuuliza bei ya hedifoni, uliza kama inakaa sikioni

Kwenye meza za wamachinga Kariakoo, stendi na vituo vya daladala, spika za masikioni, zile ambazo wengi wetu tunaziita hedifoni, hupangwa pamoja na chaja na kava za simu. Elfu tatu, elfu tano, elfu kumi. Mnunuzi huwa na maswali mawili: bei gani, na je, inapiga? Muuzaji anachomeka, anafungulia sauti mpaka mwisho, mteja anasikiliza sekunde kumi. Ikipiga kwa nguvu, biashara imekwisha.

Katika mauziano hayo kuna swali ambalo halijaulizwa, nalo ndilo lenye uzito kiafya kuliko yote: hedifoni hii inakaaje kwenye sikio la atakayeivaa? Isiyokaa vizuri humlazimisha mvaaji kuongeza sauti, na sauti kubwa inayosikilizwa kwa muda mrefu ndiyo inayoharibu usikivu.

Wazazi wengi wanaamini kwamba hedifoni ya bei nafuu ni sumu na ya bei ghali ni salama. Imani hiyo inawapa hofu wasiokuwa na fedha, na inawapa usalama wa uongo wenye nazo. Sikio halijui bei. Linajua mambo mawili tu: sauti ni kubwa kiasi gani, na imesikilizwa kwa muda gani.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono. Humo mna seli ndogo zenye vinywele, takriban 15,000 kwa kila sikio, zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Sauti kubwa huzichosha seli hizo. Zikipumzishwa mapema, nyingi hurudi katika hali yake. Zikichoshwa kila siku, hufa, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Hakuna kidonge wala dawa ya matone inayozirudisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya usikilizaji usio salama. Kiwango ambacho shirika hilo linakitaja kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na kinapanda kwa namna inayodanganya: kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda salama unapungua kwa nusu. Kwa hiyo mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 90 anabakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo anayekaa Mbagala na kusoma katikati ya jiji. Tuseme anatumia dakika 90 kwenda na 90 kurudi, siku tano, hedifoni zikiwa masikioni. Hizo ni saa 15 kwa wiki. Akisikiliza kwa desibeli 80, yuko ndani ya kiwango. Akipandisha hadi 90, siku ya pili kabla hajarudi nyumbani saa zake nne zimeisha, na bado ana siku tatu mbele.

Kwa nini apandishe? Hapa ndipo suala la kukaa sikioni linapoingia. Daladala ina injini, honi, redio na konda anayeita abiria. Hedifoni inayolegea huacha upenyo, na kelele zote hizo huingia. Upenyo huo huo hutoa besi nje, muziki unabaki mwembamba kama wa redio iliyoisha betri. Mvaaji hawezi kuzima injini ya gari, kwa hiyo anaongeza sauti. Akivaa inayoziba vizuri, kelele hupungua, besi hurudi, na sauti ya chini inamtosha.

Kwa hiyo ukienda kununua, anza na sikio. Hedifoni za plastiki ngumu, zisizo na vipira mbele, hukaa mlangoni mwa sikio bila kuziba. Zinafaa nyumbani pakiwa kimya, lakini barabarani humsukuma mtu kuongeza sauti. Zenye vipira laini vya silikoni huingia kidogo ndani na kuziba, ilimradi kipira kilingane na tundu la sikio. Pakiti nyingi, hata za bei nafuu, huja na vipira vya saizi tatu: kidogo, cha kati na kikubwa. Watu wengi huvaa kilichokuja kimefungwa na kuvitupa vingine. Usivitupe. Sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja linaweza kuhitaji saizi tofauti.

Jaribio lake ni rahisi. Vaa, kisha tikisa kichwa na ufungue mdomo kama unayepiga miayo. Ikidondoka, kipira ni kidogo. Ikiuma au ikibana baada ya dakika chache, ni kikubwa. Halafu cheza wimbo wenye besi, na usukume hedifoni taratibu kwa kidole. Ikiwa besi inaongezeka unaposukuma na kupotea unapoachia, haijaziba. Badilisha kipira kabla ya kuilaumu hedifoni.

Baada ya hapo linganisha sauti, na hapa jihadhari na mtego mmoja. Ukisikiliza hedifoni mbili, masikio yako yataipenda ile inayopiga kwa nguvu zaidi, hata kama si nzuri zaidi. Zinatofautiana: simu ikiwa kwenye kiwango kile kile, moja inaweza kutoa sauti kubwa kuliko nyingine. Kwa hiyo mwambie muuzaji apunguze. Weka sauti iwe sawa kwa zote mbili kadiri sikio lako linavyopima, tena iwe ya chini, kisha sikiliza mtu anayezungumza, kama taarifa ya habari, badala ya muziki peke yake. Chagua ile ambayo maneno yanasikika wazi kwa sauti ndogo pale pale barabarani.

Sikiliza pia pande zote mbili. Kasoro ya kawaida kwenye hedifoni za bei nafuu ni upande mmoja kuwa dhaifu. Mvaaji huongeza sauti ili upande dhaifu usikike, na sikio la upande mzima ndilo linaloumia. Hedifoni ya namna hiyo rudisha, hata kama umepunguziwa bei. Jambo hilo hutokea pia kwa hedifoni ya zamani, mara nyingi kwa sababu nta ya sikio imeziba kile kichujio kidogo cha mbele. Kabla ya kuongeza sauti, safisha.

Kwa upande wa watoto, mzazi asinunue kwa kukisia. Tundu la sikio la mtoto ni jembamba kuliko la mtu mzima, kwa hiyo hedifoni uliyomrithisha baada ya kununua mpya mara nyingi haitamkaa. Kwa mtoto mdogo, za kuvaa kichwani zinazofunika masikio zinafaa zaidi kuliko za kuchomeka, na zinamwepusha na hatari ya kipira kubaki ndani ya sikio au kumezwa. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Weka kikomo hicho kabla ya kumpa simu. WHO inashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, lakini kwa kuwa hedifoni zinatofautiana, chukua asilimia hiyo kama dari, si lengo.

Kuna kipimo cha nyumbani. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto. Ukiweza kuufuata wimbo anaousikiliza, sauti ni kubwa mno au hedifoni inavuja, na yote mawili yanahitaji kurekebishwa. Usiposikia kitu, usiridhike haraka, kwa sababu inayoziba vizuri haivuji. Ifute, ivae mwenyewe, usikilize anachosikiliza mwanao bila kugusa kitufe cha sauti.

Usafi nao ni sehemu ya afya ya sikio. Nta hutoka yenyewe taratibu, lakini kitu kinachokaa sikioni saa nyingi huizuia na kutunza unyevu, na ngozi yenye unyevu hushambuliwa kirahisi na bakteria na fangasi. Vua vipira, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa ndipo uvirudishe. Sehemu nyingine ifute kwa kitambaa kikavu. Wanafunzi wa bweni waambiwe wazi kwamba hedifoni haiazimwi, kama mswaki usivyoazimwa. Sikio linalotoa usaha au linalouma lisivalishwe chochote mpaka litibiwe. Na nta isichokonolewe kwa njiti ya kiberiti, pini wala kijiti cha pamba, kwani huisukuma ndani na inaweza kujeruhi ngoma ya sikio.

Tahadhari moja inakuja na ubora wenyewe. Hedifoni inayoziba kelele huziba pia honi. Anayevuka barabara, anayeendesha baiskeli na dereva wa bodaboda wavue zote mbili.

Dalili za usikivu kuanza kuharibika ni rahisi kuzipuuza kwa sababu haziumi. Mlio masikioni baada ya kusikiliza, hisia ya kuziba inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, kuuliza "eti?" kila mara, kuongeza sauti ya televisheni, au kusikia kwamba mtu anaongea bila kuelewa anachosema penye watu wengi. Mtoto wa namna hii darasani huitwa mzembe au mkaidi, huadhibiwa, na alama zake hushuka, wakati tatizo ni kwamba hamsikii mwalimu. Mpeleke kituo cha afya akaguliwe masikio na, ikibidi, apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo kwa kipimo cha usikivu. Mtu ambaye sikio lake limeacha kusikia ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, asisubiri lizibuke lenyewe. Hiyo ni dharura, na matibabu ya mapema humpa nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Ni kazi bure kupiga marufuku hedifoni. Watoto wanasomea kwenye simu, watu wazima wanafanyia kazi humo, na nyumba zetu nyingi zina chumba kimoja chenye watu watano ambao hawawezi wote kusikiliza kitu kimoja. Linalowezekana ni kununua kwa akili. Wauzaji wawaruhusu wateja kujaribu saizi za vipira, wakivifuta kwa spiriti kila baada ya mteja mmoja. Waagizaji waweke ndani ya pakiti karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, yenye onyo kuhusu sauti kubwa. Mambo hayo mawili hayaongezi gharama ya kutisha.

Hedifoni ya elfu tano iliyokaa vizuri na kusikilizwa kwa sauti ya chini ni salama kuliko ya laki mbili inayofunguliwa mpaka mwisho. Mzazi, leo jioni itazame ile anayotumia mwanao: kipira kinamtosha, pande zote mbili zinapiga sawa, ni safi, na simu imewekewa kikomo? Kazi hiyo haizidi dakika kumi, nayo inalinda usikivu ambao ukishaondoka hauna duka la kuununua tena.