Ploti ya Kitengela Haipimwi kwa Simu

Ukiifuata barabara ya Namanga kutoka Kitengela hadi Isinya, na kuendelea mbele hadi mjini Kajiado, utahesabu mabango mengi kuliko mifugo. Wimbo wao ni mmoja: ploti za futi 50 kwa 100, hatimiliki i tayari, maji na stima karibu, lipa kidogo kidogo. Siku hizi mabango hayo yamehamia kwenye simu. Mwalimu aliye Kisumu, muuguzi aliye Mombasa na kijana anayeosha vyombo ng'ambo, wote huonyeshwa picha ya nyasi zikipepea, kisha wakapewa nambari ya kutumia malipo ya kwanza. Na bei, wanaambiwa, inapanda Jumatatu.

Simlaumu anayetamani. Mpangaji aliyechoka kubishiwa hodi na mwenye nyumba kila tarehe tano ana haki ya kuota boma lake. Tena waotaji ni wengi. Katika sensa ya 2009 Kajiado ilihesabiwa watu 687,312. Ilipofika 2019 walikuwa 1,117,840. Viwanda vya EPZ kule Athi River, mashamba ya maua na kodi za Nairobi ndivyo vilivyowasukuma wengi upande huu.

Lakini hebu msomaji wangu, chukua kalamu tufanye hesabu ambayo dalali haandiki kwenye bango.

Ploti ya 50 kwa 100 huitwa thumni ya ekari, yaani sehemu moja kati ya nane. Hamsini mara mia ni futi za mraba 5,000. Ekari nzima ina futi za mraba 43,560. Ukiigawa mara nane sawasawa, kila sehemu ni futi 5,445. Kwa hiyo ile "thumni" tayari imepungua. Wauzaji watakwambia kilichopunguzwa kimekwenda kwenye barabara. Haya, tuifuate hiyo barabara.

Ploti nane zinachukua futi 40,000. Zinabaki 3,560. Zipange nne upande huu na nne upande ule, zitazamane. Barabara ya katikati itakuwa na urefu wa futi 200. Ukitaka iwe na upana wa futi 30, unahitaji futi za mraba 6,000. Hata ukijibana ukaitaka ya futi 20, unahitaji 4,000. Hazipo! Basi anayeahidi ploti nane kamili katika ekari moja pamoja na barabara nzuri, lazima atapunja mahali: ama ploti, ama njia.

Mara nyingi hupunjwa njia. Na mnunuzi haoni siku ya kununua, kwa sababu siku hiyo hakuna ukuta wala ua, nyika yote ni barabara. Huja kuona miaka mitano baadaye, jirani wa mbele anapojenga, wa nyuma naye akajenga, na lori la maji likashindwa kukata kona. Kitengela bila lori la maji ni kiu. Lori la kunyonya choo nalo halipiti. Mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ugali, hata mgonjwa hubebwa mgongoni hadi lami.

Hapo ndipo siasa huingia. Kila baada ya miaka mitano waheshimiwa hupita na vipaza sauti wakiahidi barabara za mitaa. Watu hupiga makofi. Lakini barabara ambayo haikuachwa kwenye ramani hakuna mheshimiwa awezaye kuileta, labda abomoe jikoni mwa mtu. Mwenye kuizuia balaa hii ni yule anayeidhinisha shamba ligawanywe, na sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya 2019 imeipa kaunti mamlaka hayo. Mgombea akija kwako, usimwulize ataleta barabara ngapi. Mwulize atakataa migawanyo mingapi isiyo na barabara.

Tusisahau pia ardhi hii ilikuwa ya nani. Sheria ya 1968 ilizipa jamii za wafugaji hati za pamoja, zikaitwa ranchi za makundi. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Aliyepata hati alipata pia kitu cha kuuza siku ya ukame, siku ya maradhi na siku ya karo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba ya kusini mwa Mbuga ya Nairobi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, wasizungushe ua, ili wanyama wapate kupita. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, karibu na kufunguliwa kwa shule. Mwenye ekari 100 alipata dola 400 kwa mwaka mzima. Dalali alipokuja na bunda la noti, mzee angemjibu nini?

Ndiyo maana mnunuzi mwadilifu hamtazami muuzaji peke yake. Humtazama na mama wa boma. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inakataza mume au mke kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliyesikia habari za mauzo siku vigingi vinapopigwa atakwenda mahakamani, na akishinda, aliyelipa ndiye atakayelia.

Sasa turudi kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tumezoea kulipa karo, nauli na kilo ya sukari kwa vidole. Ni neema kubwa. Lakini ujumbe wa simu huthibitisha kwamba pesa zimemfikia mtu; hauthibitishi kwamba mtu huyo ana shamba. Hata mtandao wa serikali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukaanzia Nairobi, hukuonyesha kilichoandikwa kwenye daftari. Haukuonyeshi korongo lililopita katikati ya ploti, wala boma la mtu anayeishi pale.

Kwa hiyo miguu bado ina kazi. Kabla ya kuuliza bei, uliza nambari ya hati. Nyingi za upande wa Kitengela huanza na maneno Kajiado/Kaputiei-North. Ukiwa nayo, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, ile watu huita sachi: jina la mwenyewe, ukubwa, na kama kuna rehani au zuio. Ukubwa umeandikwa kwa hekta, basi kumbuka kwamba futi 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046. Ukipewa cheti cha hisa cha kampuni, jua kwamba hicho si hatimiliki. Uliza pia ramani ya mgawanyo, uone barabara ina upana gani.

Halafu kuna bodi ya kudhibiti ardhi. Kwa sheria ya 1967, shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Pasipo kibali mapatano ni batili, ukabaki na haki ya kudai pesa zako kama deni. Na kumdai mtu aliyekwisha kuzima simu ni kutekea maji kwa pakacha.

Nenda siku moja kwenye soko la mifugo la Bisil utazame jinsi watu wanavyonunua. Mnunuzi humzunguka ng'ombe mara mbili, akamshika nundu, akamfungua kinywa kutazama meno, akauliza ametoka boma gani. Noti hazitoki mfukoni mpaka aridhike. Tena huyo ng'ombe, akiwa mbovu, walau utamla nyama. Ploti hewa hailiki.