FEZA YA UZEE: NANI AMEANDIKWA?

Ndugu watumikaji, na ninyi wenyeji wa mji,

Kila mwisho wa mwezi wengi wetu wanatazama namba ya chini tu kwenye karatasi ya mshahara, ile feza wanayokwenda nayo nyumbani. Leo tunawaomba mtazame mstari mwingine, ule wa pansioni. Kwa sheria ya Congo mtumikaji anakatwa 5 kwa kila franga 100, na kampani inalipa 13 yake. Katika hizo 18, sehemu ya uzee ni 10. Zinazobaki ni za watoto na za hatari za kazi. Hakuna anayeulizwa kama anapenda. Ni lazima.

Basi kama ni lazima, mbona tunawaona wazee wengi hivi waliotumika na hawapokei kitu?

Feza yako haiwekwi kando ikikungoja. Inamlipa mzee wa leo, na wewe utalipwa na vijana wa kesho. Watumikaji 10 wenye mshahara wa franga 100 kila mmoja wanatia kwa uzee franga 100. Wazee wawili wanapata 50, 50. Wakibaki watumikaji 4, wazee ni wale wale wawili, kila mmoja anapata 20. Hapo hakuna mwizi. Ni hesabu tu. Mwizi akiingia, ni mabaya zaidi.

Wengine wanasema: Congo ni nchi ya vijana, matata hayo ni ya Ulaya ambako wazee wamezidi. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya watu wetu hawajafika miaka 18. Lakini sanduku la pansioni halihesabu watu wa nchi. Linahesabu walioandikwa. Kijana anayechimba kobalti kule Kolwezi kwa beleshi lake mwenyewe hana mkubwa wa kazi wa kumwandika. Mama anayeuza unga sokoni vile vile. Nchi imejaa nguvu, na sanduku haliioni.

Tangu zamani walioandikwa walikuwa watu wa kampani kubwa, karibu wote wanaume. Sheria ya pansioni kwa watumikaji weusi ilitoka mwaka 1956. Tarehe 16 Juni 1960, majuma mawili tu mbele ya uhuru, Ubelgiji ulitoa sheria ya kuweka ahadi ya serikali yake juu ya pansioni za makarani na wakubwa wa koloni, karibu wote Wazungu. Sanduku la watumikaji wetu halikupata ahadi ile. Tunalisema kwa sababu linafundisha: aliyejua hesabu alijifunika kabla ya mvua. Mwaka 1961 serikali ya Congo iliunganisha masanduku matatu kuwa moja, INSS, ambalo tangu 2018 linaitwa CNSS.

Kisha Gécamines ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufika hata sehemu ya kumi ya hizo. Mwaka 2003 na 2004 watumikaji zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kupenda mwenyewe. (Kupenda! Mtu asiyelipwa miezi mingi anapenda nini?) Watu wale walikuwa ndio nguzo za sanduku.

Na feza yenyewe iliyeyuka. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilifanywa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zilifanywa franga 1. Mzee aliyelipa miaka 20 kwa zaire za zamani, piga hesabu mwenyewe kilichobaki.

Sasa migodi imerudi. Malori yanapita usiku na mchana, Likasi, Kolwezi, Fungurume. Lakini vijana wengi wanaingia mgodini kwa mkono wa kampani ndogo zinazokodisha watu, kontra ya miezi michache, kisha nyingine, kisha nyumbani. Leo ameandikwa kwa jina hili, kesho kwa jina lililokosewa, kesho kutwa hakuandikwa kabisa, ingawa mshahara ulikatwa. Akifika miaka 60, ambayo ndiyo umri wa sheria ya 2016, atatafuta wapi wakubwa wale? Na mjane wake, ambaye hakuandikwa popote kwa jina lake, atapeleka karatasi gani dirishani?

Kwa hiyo, ndugu, kila mmoja adai namba yake ya CNSS. Jina liwe lile lile la karatasi ya kuzaliwa. Kontra ikiisha, usitoke bila barua ya kazi, na karatasi za mshahara zisiwashiwe moto wa makaa. Onyesha bibi yako zilipo.

Kwa wakubwa wa sanduku tunaomba kitu kimoja. Kila mwaka hesabu ibandikwe ukutani katika kila biro, Lubumbashi na kwingine, kwa Kiswahili: watumikaji wangapi wanalipa, vijana wangapi, wanawake wangapi, wazee na wajane wangapi wanalipwa. Na chini yake, majina ya kampani zinazokata na hazipeleki.