Anayekufa kwenye mafunzo, jina lake lisomwe pia

Kila mara FARDC inapotangaza kuandikisha askari wapya, vijana wa Baraka, Fizi centre, Lulimba na Mboko hujitokeza. Mama anamfungia mtoto chakula cha njiani, baba anatafuta nauli ya boti ya kwenda Uvira au Kalemie, na kutoka hapo kijana anaingia ndani ya kimya. Nyumbani wanajua tu kwamba yuko "kwenye centre". Kitona, Kamina, Kotakoli: majina ya mbali ambayo wazazi wengi wa kando ya Tanganyika hawajawahi kuyaona.

Familia ile inaogopa vita. Inaogopa simu itakayotoka mstari wa mbele. Ni wachache wanaowaza kwamba mtoto anaweza kufa kabla hajaona adui hata mmoja, akiwa bado anafundishwa.

Mafunzo ya jeshi yanaua, na ya parashuti yana hatari ya pekee. Askari wa miavuli haruki kutoka juu sana kama wale wa michezo wanaoonekana kwenye televisheni. Anaruka kutoka mita 300 au 400 hivi, akiwa na mzigo na silaha, nyuma ya mwenzake na mbele ya mwingine. Parashuti inafunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye waya ndani ya ndege. Ikifunguka vizuri, safari ya kufika chini ni dakika moja hivi. Ikikataa, askari ana sekunde zisizofika 10 za kutambua kosa na kuvuta ile ya akiba. Hata aliyefunguliwa vizuri anaweza kugongana na mwenzake hewani, kuangukia miti au maji, kuvunjika kifundo cha mguu, au kuburutwa na upepo baada ya kugusa ardhi.

Kwa hiyo usalama wake unaanza siku nyingi kabla ya kuruka: kwa yule aliyeikunja parashuti, kwa aliyehesabu umri wa kitambaa na kamba zake, kwa mwalimu anayethubutu kusema "leo upepo ni mkali, hakuna kuruka" hata kama jenerali amekwisha kukaa kwenye kiti chake. Vyote hivyo vinataka pesa na nidhamu. Ushujaa wa kijana hauwezi kuziba pengo la parashuti iliyochoka.

Wakongo si wageni katika kazi hii. Mwaka 1963 askari wa miavuli wa Kongo walifundishwa Israel, na Mobutu mwenyewe alirudi kutoka huko na alama ya mabawa kifuani. Kambi ya CETA pale Ndjili, Kinshasa, ilijulikana kama nyumba yao.

Lakini ni Kolwezi inayoonyesha namna nchi inavyowatendea watu hao. Mwezi wa tano 1978 waasi wa FNLC waliuteka mji ule. Tarehe 16, kombania moja ya batalioni ya 311 ya jeshi la Zaire iliangushwa kwa parashuti juu ya mji. Askari walitawanyika, na wengi waliuawa. Siku tatu baadaye wakaruka Wafaransa wa Légion étrangère, wale wa 2e REP, wakitumia parashuti za Kimarekani za jeshi la Zaire ambazo hawakuwa wamezizoea. Kikosi chao kilipoteza watu 5, na mpaka leo Ufaransa inawakumbuka. Kuna vitabu, kuna filamu, kuna sherehe. Lakini wale wa batalioni ya 311 waliotangulia? Uliza Baraka, uliza Bukavu, uliza hata Kolwezi kwenyewe: ni nani atakayetaja jina la mmoja wao?

Tena sherehe ya jeshi letu ni tarehe 17 mwezi wa tano, siku moja tu baada ya ile ya kuruka kwao. Hakuna tarehe iliyo rahisi zaidi kuliko hiyo kwa kuwakumbuka.

Kuna wanaosema heshima ni ya aliyekufa kwa risasi, mwingine ni ajali tu. Hoja hiyo haisimami. Aliyeruka alitii amri ileile. Tarehe 18 mwezi wa nne 2024, mkuu wa jeshi la Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa katika ajali ya helikopta pamoja na wanajeshi wengine 9. Hawakuwa vitani. Kenya ilitangaza maombolezo ya siku tatu, na hakuna aliyeuliza kama walifyatua risasi siku hiyo. Watanzania nao, walinda amani wao walipouawa Semuliki, upande wa Beni, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2017, walirudishwa Dar es Salaam ndani ya majeneza yenye bendera. Walikufa kwenye udongo wa Kongo, na nchi yao ilikuja kuwachukua.

Sisi tuna Kotakoli. Mwaka 2013 serikali iliwapeleka kule watu zaidi ya 900, wapiganaji waliokubali kuacha silaha hapa mashariki pamoja na wake na watoto wao. Human Rights Watch ilieleza mwaka 2014 kwamba zaidi ya 100 kati yao walikufa kwa njaa na magonjwa, zaidi ya nusu wakiwa watoto. Hakuna aliyeruka kutoka ndege pale. Walikufa ndani ya kambi, mikononi mwa serikali, na watu wao wa mashariki walikuwa mbali mno hata kuweza kuketi kwenye kilio.

Kuzungumza juu ya heshima ya askari katika Fizi si jambo jepesi, na ni unafiki kulificha. Wakaaji wa Fizi centre hawajasahau tarehe 1 mwezi wa kwanza 2011, usiku ambao askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wengi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi Baraka, mbele ya watu, na kumhukumu luteni kanali aliyewaongoza miaka 20 ya gereza, pamoja na baadhi ya askari wake. Mama aliyepita katika usiku ule hawezi kuambiwa apige makofi kwa kila aliyevaa sare.

Lakini kesi ile iliwezekana kwa sababu watu waliitwa kwa majina na vyeo vyao. Jeshi lenye orodha nzuri linajua ni nani aliyefanya ubaya, na linajua vilevile ni nani aliyekufa, wapi, na kwa sababu gani. Jeshi lisilokuwa nayo linawaficha wote wawili, mhalifu na marehemu. Anayedai haki ya wanawake wa Fizi na anayedai mwili wa mtoto wake wanagonga mlango mmoja.

Mjane wa Baraka anaujua mlango huo. Sheria ya mwaka 2013 juu ya askari wa FARDC ipo, na haki za familia zimeandikwa. Shida ni karatasi. Ndoa nyingi hapa ni za mahari na baraka za wazee, hazikuandikishwa kwa serikali. Cheti cha kifo kinatafutwa Kinshasa. Kwa aliyekufa kwenye mafunzo ni vigumu zaidi, kwa sababu hakuna hata mwenzake wa kijijini aliyeona na anayeweza kusema "nilikuwepo".

Ofisi ya uandikishaji inaweza kuanza na kidogo: kabla kijana hajapanda boti, aandike jina la mama yake, la mke wake na namba ya simu, na nakala ibaki kwa kiongozi wa mtaa. Wazazi waelezwe ni kambi gani, na kama mtoto amechaguliwa kwa parashuti, waambiwe hivyo. Ajali ikitokea, ripoti ifike Baraka, si kwa jenerali peke yake.

Juu ya kukumbuka, Fizi haihitaji mwalimu. Kila tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili watu wanakusanyika Makobola kwa ajili ya waliouawa mwaka 1998, pasipo kungoja amri ya mtu. Tarehe 17 mwezi wa tano ijayo, baada ya gwaride na hotuba, kamanda wa hapa angeweza kushika karatasi moja na kusoma majina ya watoto wa Fizi waliokufa wakiwa askari, wa vitani na wa mafunzoni pamoja. Kwanza, lakini, ni lazima mtu aiandike karatasi hiyo.