LANGO LA WENGI, UFUNGUO WA MMOJA



Khabari niiletayo leo ni ya Bara, tena Bara ya mbali: wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara. Asije mtu akasema ya huko hayatukhusu. Sisi tuliokaa gizani hapa Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuharibika njia ya umeme utokao Bara, twajua taabu ya umma kutegemea chombo usichoweza kukifikia.

Katika vilima vile imesimama minara ya simu. Zamani kila kampuni ilijijengea wake. Siku hizi aghlabu mnara huwa na mwenyewe, na kampuni za simu huwa wapangaji. Vodacom iliiuzia Helios minara yake mwaka 2013, na Kanuni za Serikali za 2018 zimeweka taratibu za kushirikiana. Basi ndani ya ua mmoja wa senyenge huingia mafundi wa kampuni hii na ile, watu wa umeme, na mleta dizeli ya jenereta. Lango ni moja. Nani ashike ufunguo?

Ukiwa mmoja, mwenyewe yumkini amelala Arusha ilhali mnara umezimika Haydom. Ukichongeshwa kumi, ukapotea mmoja, hapana budi kubadilisha kufuli na kuwagawia wote funguo mpya. Na dizeli ikiibiwa, kila mtu humtazama mwenzake.

Mimi nauza kufuli, na katika hili nina la kusema. Sanduku la sadaka la msikiti hutiwa kufuli mbili ubavu kwa ubavu, kila mzee na ufunguo wake. Halifunguki mpaka wawepo wote wawili. Hizo ni kufuli za kuzuiana, na kwa fedha za amana ndizo khasa. Lango la mnara lataka kinyume chake: kufuli zishikane moja kwa nyengine katika mnyororo, kila mshirika na yake. Afunguaye yake, mnyororo hukatika na lango hufunguka. Ufunguo ukipotea, hubadilishwa kufuli moja tu, wengine hawasumbuliwi. Lakini asiruhusiwe mtu kutia ile kufuli ya bati ipasukayo kwa jiwe, maana mwizi ataitafuta hiyo hiyo. Na mwenye haraka, akifunga kwa kuiruka kufuli ya mwenzake, amemfungia nje.

Ziko pia kufuli za elektroniki, zifunguliwazo kwa simu na kuandika kila aliyeingia. Nzuri, ila ile ingojayo namba ya siri ije kwa mtandao itafunguka vipi, ilhali mtandao wenyewe ndio uliokufa nyuma ya lango hilo?

Dai langu ni kufuli moja zaidi katika mnyororo: ya serikali ya kijiji. Tarehe 3 Disemba 2023 tope la Mlima Hanang liliteremkia Katesh na Gendabi, likaua watu zaidi ya 80, na barabara ikazibwa kwa tope, mawe na magogo. Siku kama ile fundi wa mjini hafiki, hata awe na funguo za dunia nzima. Aliyepo ni mwenyekiti wa kijiji na vijana wake, na jamaa wanaotafutana kwa simu.

Watasema wakubwa wa makampuni kwamba mwanakijiji ataiba. Neno hili la dharau si geni Hanang. Wabarabaig walikwisha kufungiwa njia zao za malisho na mashamba ya ngano ya NAFCO, miaka ya 1970 na 1980, wakaitwa wavamizi katika nchi ya wazee wao. Na mwizi wa dizeli, tangu lini akangoja kupewa ufunguo?

Ufunguo wa kijiji ukae kwa mtendaji, uandikwe daftarini kila utokapo na kila urudipo. Ufungue lango na tangi la jenereta tu. Mitambo ya simu ibaki katika makabati yake, kwa kufuli za wenyewe.