Masta Bila Digrii ya Kwanza? Mama, Huo Mkopo Ungoje Kwanza

Wiki jana Mama alinipigia simu saa tatu usiku. Mama yangu hapigi simu usiku bila sababu, kwa hivyo nikajua kuna jambo. Akasema, "Nimeongea na akina mama wa chama. Watatu wamekubali kunidhamini kwa Sacco. Hiyo masta yako, anza."

Nilinyamaza. Mdomo wangu ndio ulileta hii shida. Siku moja tukiongea nilimtajia kwamba kuna chuo Marekani kinaweza kukuchukua kwa masta ya sayansi ya kompyuta, mtandaoni, hata kama huna digrii ya kwanza. Mimi nilikuwa napiga stori tu. Yeye alisikia mlango umefunguka.

Mnaonifuata mnajua historia yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nimeanza kukataa kuamka. Tangu hapo natengeneza video za kompyuta, na pembeni naandikia wafanyabiashara wadogo programu. Kodi ya nyumba nalipa. Lakini Mama, kila akiulizwa sokoni kama mtoto alimaliza, hubadilisha mada.

Sasa, stori yenyewe ni ya kweli. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kinafundisha masta hiyo kupitia Coursera, na hawakuulizi cheti cha digrii. Unaingia kwa kazi yako. Unachukua kozi tatu fupi za mwanzo, kwa mfano za miundo ya data na algoriti, na ukipata wastani wa B, umeingia. Georgia Tech nao wana masta ya mtandaoni iliyoanza 2014, na bei yao ni nafuu zaidi, ila wanataka digrii ya kwanza mezani. Kwa mtu kama mimi, safari hiyo inaishia getini.

Bei ya Colorado ni dola 525 kwa krediti moja, na krediti ziko 30. Piga hesabu: dola 15,750. Kwa shilingi zetu inapita milioni mbili. Hata zile kozi tatu za kuingilia peke yake, ukitaka zihesabiwe, ni dola 1,575, kama laki mbili hivi.

Mama anauza mitumba Kitale. Kwake milioni mbili ni miaka ya kuamka saa kumi usiku kufungua mabale. Na nikishindwa, Sacco haitanitafuta mimi. Itaenda kwa Mama, halafu kwa wale akina mama watatu, na mmoja wao ndiye aliyeninunulia sanduku la bati nikienda kidato cha kwanza. Deni la HELB bado liko na jina langu. Siwezi kuongeza lingine lenye majina ya watu wanne.

Lakini pesa si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: hiyo karatasi nitamwonyesha nani?

Wateja wangu hawajawahi kuniuliza cheti. Wanauliza programu inafanya kazi ama haifanyi. Wanaouliza cheti ni watu wa kazi za serikali na za kufundisha chuo, na hao ukiwapelekea masta peke yake watakuuliza, "Ile ya kwanza iko wapi?" Ni kama kununua mabati kabla ya kujenga ukuta. Kwa hivyo kama shida yangu ni karatasi, ninayohitaji ni ile ya kwanza, na tangu 2023 tuko na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, cha umma, kinachofundisha mtandaoni hapa hapa nyumbani. Kabla ya kuvuka bahari, si ningeanza na mto ulio karibu?

Na kama shida yangu ni maarifa? Hapo nina ushahidi, na si wa kujisifu. Mwaka jana niliandikia dada mmoja mwenye duka la jumla programu ya kulinganisha stoki na mauzo. Akiwa na bidhaa 200 ilikuwa inapepea. Bidhaa zikafika 6,000, akabonyeza kitufe akaenda kupika chai. Aliporudi ilikuwa bado inazunguka. Nilidhani kompyuta yake ni mzee. Kumbe kwa kila bidhaa nilikuwa naiambia programu ipitie orodha nzima tangu mwanzo. Elfu sita mara elfu sita ni milioni 36. Kompyuta ilikuwa sawa, mimi ndiye sikujua.

Nilipata jibu kwa mhadhara wa bure, wa bando la shilingi hamsini: panga data ili kila kitu kipatikane kwa jina lake bila kutafuta orodha yote. Nikarekebisha jioni moja. Sasa inamaliza kabla hajatoa kidole. Hilo ndilo pengo langu. Ni la mambo ya msingi, na ndiyo maana sicheki mtu anayetaka kusoma hii kitu darasani.

Hapa sasa lazima nigombane na watu wa upande wangu. Wale mnaosema "kila kitu kiko YouTube bure, digrii ni ya nini", hamjadanganya, ila mmesema nusu. Mimi nimeanza kozi sita za bure. Nimemaliza moja. Moja! Chuo hakiuzi masomo peke yake. Kinauza tarehe ya mwisho, mtu wa kukusahihisha, na aibu ya kufeli. Hizo YouTube haina. Lakini pia, mimi niliwahi kuwa na hizo zote chuoni, na bado nikaondoka. Kwa hivyo swali ambalo sikutaka kujiuliza ni hili: mimi ni mtu wa kumaliza?

Jibu hilo siwezi kulinunua kwa mkopo wa Mama. Habari njema ni kwamba naweza kulipata kwa bei rahisi. Masomo yale yale ya Colorado unaweza kuyasoma kwanza bila kuhesabiwa, kwa ada ndogo ya mwezi, halafu baadaye ukiamua unalipia yahesabiwe. Basi nimejipa hadi Desemba. Kozi tatu za algoriti, kila siku saa moja kabla ya kushika kamera, kwa pesa ya video zangu. Nikimaliza zote, nitaanza kuweka akiba ya zile laki mbili mwenyewe. Nikishindwa, nitakuwa nimepoteza pesa ya bando na kiburi kidogo, na hakuna mama wa chama atakayekatwa akiba yake.

Na wewe unayewaza jambo kama hili, usianze kwa kuuliza kama digrii "inalipa". Jiulize nani atakuuliza hiyo karatasi, nani atabeba deni ukianguka, na mara ya mwisho ulimaliza nini. Ukiwa na majibu matatu ya kweli, jisajili hata leo. Ukiwa na moja tu, onja kwanza.

Nilimweleza Mama haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hivyo wakiniuliza sokoni niseme nini?"

Nikamwambia, "Sema yuko kwa mtihani, matokeo ni Desemba."

Akacheka. Halafu akasema hatawaambia wale wadhamini wasahau, atawaambia wangoje. Huyo ndiye Mama yangu. Sasa wacha niende nisome.