Homoni kabla ya upasuaji wa jinsia

Estrojeni, yaani homoni ya kike, huweza kuongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, ndiyo maana madaktari wengi walizoea kuisimamisha wiki 2 hadi 4 kabla ya upasuaji. WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, kilipunguza mwaka 2022 muda wa chini unaopendekezwa wa kutumia homoni kabla ya kuondolewa korodani au ovari, kutoka miezi 12 hadi 6. Kwa mkazi wa Isongole, wilayani Ileje, aliye mbali na hospitali ya kanda ya Mbeya, usalama huanza kwa kumweleza daktari wa usingizi kila dawa anayotumia, hata iliyonunuliwa kwa siri, na kuacha sigara mapema. Asibadili dozi peke yake, naye mhudumu asimhukumu.