Wanne waliochimba paa



Miezi michache iliyopita nilitangaza mwisho wa misa kwamba Jumamosi inayofuata ofisi ya parokia itafungwa, kwa sababu paroko amealikwa kwenye hakathoni ya wanafunzi katika chuo kikuu kimoja jijini Dodoma. Mama mmoja wa WAWATA alinisubiri mlangoni. "Baba, hao si ndio wadukuzi? Wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kijana wake alikuwa ameshatuma.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Hakathoni ni mkutano wa watu wa kompyuta wanaopewa tatizo na muda mfupi, wanajigawa katika vikundi, na jioni kila kikundi kinaonyesha kitu kinachofanya kazi, hata kama kinachechemea. Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1999, waandishi wa programu wapatao kumi walipokutana Calgary, Canada. Kudukua kwa maana yao ni kuichokonoa mashine mpaka ikutii. Hata Vatikani iliandaa hakathoni Machi 2018, wanafunzi 120 kwa saa 36, na miongoni mwa mada zao walikuwemo wahamiaji na wakimbizi. Mama alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Sawa Baba. Lakini simu yako iache nyumbani."

Sikualikwa kuwa jaji. Waandaaji walitaka watu wanne wenye matatizo ya kweli: mwalimu, muuguzi, mkulima wa zabibu na padri. Kila mmoja alipewa dakika tano kueleza shida yake, kisha vikundi vichague.

Shida yangu ilikuwa hii. Tuna kigango upande wa Bahi, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka parokiani. Mtandao unashika kwa kubahatisha, leo chini ya mbuyu, kesho jikoni. Mzee mmoja aliugua huko siku nne, na siku ya kwanza tu aliomba padri aje ampake mafuta. Mjukuu alitumwa kupiga simu, salio likaisha kabla hajamaliza sentensi. Simu ya katekista ilikuwa haina chaji. Habari ikapanda bodaboda, ikashukia gengeni, ikafika parokiani ikiwa karatasi. Mimi nilifika siku ya matanga. Mjane alinipa kigoda nikae, hakusema neno.

Sikuwaambia wanafunzi kwamba ile karatasi ilikaa mezani kwangu siku nzima chini ya muhtasari wa kikao cha halmashauri ya walei. Nawaambia ninyi leo.

Kikundi cha vijana watano kilichukua shida yangu. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamechora programu nzuri ya simu, yenye ramani, picha ya kanisa na kitufe chekundu cha kuita padri. Nikauliza: na mwenye kitochi je? Wakatazamana. Nikauliza tena: na asiyejua kusoma? Hapo binti mmoja wa vijiji vya Chamwino, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Bibi yangu hajui kusoma. Ila anajua kubipu."

Ramani ikafutwa. Ukweli ni kwamba hakuna bibi katika nchi hii asiyejua kubipu: unapiga, ikiita mara moja unakata, hela haiendi. Vijana wakachukua simu ya zamani, wakaiunganisha na kompyuta, wakaifundisha kwamba namba fulani ikibipu, meseji itoke mara moja kwenda kwa watu wanne: katekista, mwenyekiti wa jumuiya, muuguzi wa zahanati na padri. Mmoja wao akauliza namba hizo zitaonwa na nani, maana habari za mgonjwa si za kila mtu, na tangu Mei 1, 2023 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayofanya kazi. Nilifurahi. Ofisini kwetu tuna rejista za ubatizo zenye siri za familia za miaka mingi, na ufunguo wa kabati unaning'inia kwenye msumari.

Saa kumi jioni walisimama mbele ya majaji. Binti akabipu. Tukangoja. Simu mbili ziliita, ya tatu ikapata meseji mara mbili, ya nne ikanyamaza kabisa. Jaji akauliza nani atakayelipia huduma hiyo, na faida itatoka wapi. Hawakuwa na jibu. Ushindi ukaenda kwa kikundi kilichotengeneza programu ya kuwashauri wakulima wa zabibu, yenye rangi za kupendeza. Nilimpongeza kijana mmoja wa washindi, nikamuuliza anapenda shamba gani. Akaniambia hajawahi kuingia shamba la zabibu. Kutoka pale hadi Hombolo si safari ya kubeba chakula.

Narudi nyumbani usiku ule, ndani ya basi, nilikuwa nawaza wale watu wanne wa Injili ya Marko, sura ya pili, waliomleta kwa Yesu mtu aliyepooza. Mlango umejaa watu, hakuna pa kupita, wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha na godoro lake. Luka, anapokisimulia kisa hichohicho, anataja paa la vigae. Marko anasema walichimba. Seminarini tulibishana sana juu ya tofauti hiyo. Mgogo aliyezaliwa ndani ya tembe hahitaji ubishi. Paa la tembe ni bapa, magogo na fito chini, udongo juu, mahali pa kuanikia mazao. Linachimbika. Na mwenye nyumba anajua vizuri ni kazi ya siku ngapi kuliziba kabla ya masika.

Kwa kweli wale wanne walifanya hakathoni. Walikuwa na siku moja, kikundi, kizuizi mlangoni na ubunifu uliowaudhi baadhi ya watu. Lakini tusome taratibu. Kabla hawajachimba, walikuwa wamebeba. Mikono yao ilijua uzito wa yule mtu, na nadhani ndiyo sababu hawakurudi nyumbani walipoona mlango umejaa. Marko anaandika kwamba Yesu alitazama imani yao wale waliombeba, ndipo akasema na mgonjwa.

Kwa hiyo siwalaumu vijana walioshinda, wala sizipuuzi hakathoni. Mwaka 2007 vyuo vikuu viwili vilianza hapa Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Mtakatifu Yohana cha ndugu zetu Waanglikana, na tangu hapo tunaishi na maelfu ya vijana wenye akili ya kuchimba. Tunakowapungukia ni kwenye kubeba. Wanapewa fulana, chakula cha mchana na siku moja, wakabuni dawa ya mgonjwa wasiyemjua, na Jumatatu kazi yao inafutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya nyingine.

Jirani zetu Wakenya wana mfano mzuri. Januari 2008, nchi yao ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh aliomba wataalamu wa kompyuta wasaidie kuonyesha kwenye ramani mahali watu wanapoumizwa. Katika siku chache wachache wao walitengeneza mfumo uliopokea habari za wananchi kwa meseji za kawaida. Wakauita Ushahidi. Miaka miwili baadaye mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko. Wale walikuwa na ndugu zao ndani ya moto ule.

Na sisi wa Kanisa? Tunapenda kujiona kama wale wanne. Mimi nadhani mara nyingi sisi ni ule umati wa mlangoni, watu wema waliokuja kumsikiliza Yesu, wakageuka ukuta. Nilipopeleka ombi la nauli za vijana watano waje parokiani kukamilisha kazi yao, kikao chetu kilichukua saa mbili. Mmoja alitaka kujua kwa nini fedha hiyo isinunue bati. Mwingine alisema vijana wasubiri mwaka wa bajeti. Hakuna aliyeuliza habari za wagonjwa, mpaka yule mama wa WAWATA aliponyanyuka na kusema nauli atatoa yeye.

Wakaja. Walitufungia simu ya zamani, waya na kikompyuta kinachotosha kiganjani, wakarekebisha hitilafu ya meseji, wakaenda kigangoni kuwaonyesha watu namba ya kubipu. Binti wa Chamwino aliwafundisha kina bibi mmoja mmoja. Niliketi pembeni, sikuwa na la kufundisha.

Meseji ya kwanza ililia saa tano usiku, siku ya Alhamisi. Niliitazama kwa muda kabla ya kuamka, Mungu anisamehe. Ilitoka kwenye namba ya yule mjane. Nilipofika nilimkuta katekista amekwisha fika na baiskeli yake, mwenyekiti wa jumuiya ana tochi, na muuguzi amebeba mkoba. Bibi alikuwa mzima kabisa. Mjukuu alichezea simu. Alitutazama wote wanne pale mlangoni kwake, akasema "Mbukwenyi," akacheka, kisha akaenda kukoka moto atupikie chai.